Mkunga Aliyepima Ndoo ya Asali

Subira yangu iliisha siku ya kliniki, asubuhi ya saa nne na nusu, Kulwa yuko mgongoni, Doto ananyonya, nami ni wa kumi na moja kwenye foleni ambayo tangu saa mbili ilikuwa haijasogea hata hatua. Haikusogea kwa sababu mzani wa watoto ulikuwa na mtu. Mtu mwenyewe alikuwa ndoo ya asali.

Ndoo ya lita kumi, na mfuniko wake. Imevalishwa ile kaptula ya kupimia watoto, inaning'inia kwenye ndoano barazani pa zahanati, inazunguka taratibu kama inatafuta mama yake. Mkunga amesimama pembeni, miwani puani, kalamu mkononi, ameshafungua kadi mpya kabisa ya kliniki. Mbele yake mrina asali, mzee wa miaka sitini na ushee, kofia ameivua, amesimama kama baba aliyeitwa kujieleza.

"Jina la mtoto?"

"Asali."

"Jina la baba?"

"Si mimi hapa?"

"Sijaona ushahidi. Naandika hajulikani." Na akaandika kweli, nilimwona. "Kilo kumi na mbili na nusu. Uliyemleta mwezi uliopita alikuwa na kumi na nne. Watoto wako wanakonda, bwana. Unawalisha nini?"

"Mizani ya Wazaramo hiyo," mrina akasema. "Tangu enzi za babu, mzigo ukifika kwenu unapungua."

"Babu yako alikuja pwani kabeba pembe la tembo kichwani, akarudi kabeba nini? Njaa! Tukamfungia na ya njiani!"

Kina mama wakaangua kicheko. Na mimi nilikuwa nacheka, miezi yote ile nilikuwa nacheka. Lakini siku hiyo Doto akaning'ata. Ana meno mawili tu, ila yote anayatumia.

Nikasimama. Sauti yangu naijua, inafika kwenye mashamba ya tumbaku. Nikasema, "Nyie wazee, oaneni basi! Oaneni yaishe, au mtuachie mzani! Kijiji kizima kinajua mnapendana, hiyo ndoo yenyewe inajua, wasiojua ni nyie wawili tu!"

Mrina akavaa kofia yake, akaivua, akaivaa tena, akaondoka bila ndoo. Mkunga akaiteremsha ile ndoo polepole, kama mtu anayemtoa mtoto aliyelala, akaifuta kaptula kwa spiriti, akasema, "Anayefuata."

Akapima watoto wote waliobaki bila kumtukana mama hata mmoja. Hapo ndipo tulipojua kwamba kuna kitu kimevunjika. Na zilikuwa zimebaki wiki tano tu astaafu. Karatasi zake zilikwisha rudi kutoka wilayani Isikizya, na kwao pwani wadogo zake walikwisha mpakia nyumba chokaa.

Kwa hiyo namweleza hapa kama alivyokuwa kabla sijafungua mdomo wangu.

Alizaliwa lini, binti wa nani, sijui na sina haja. Najua ametoka kijiji ambacho, kwa maneno yake, ukifungua mlango wa nyuma maji ya chumvi yanakubishia hodi. Najua alipangiwa kazi huku kwetu, ng'ambo ya Kipalapala, akiwa msichana, akashuka Tabora kwenye treni na godoro moja na gunia la nazi. Alidhani atakaa miaka miwili. Nazi zilipokwisha akaagiza gunia lingine. Ndivyo alivyoendelea, gunia kwa gunia, miaka thelathini na sita.

Mimi nilizaliwa mikononi mwake. Mume wangu pia. Mwenyekiti wa kijiji pia, ndiyo maana kwenye mkutano Mkunga akikohoa tu, mwenyekiti hukaa chini.

Kila mtoto anayezaliwa, yeye humwamkia. Anamfuta, anamgeuza, anamwangalia usoni, anasema, "Shikamoo." Mtoto akilia, anajijibu mwenyewe: "Marahaba, kumbe una adabu." Nilimuuliza, mtu mzima unamwamkiaje kichanga? Akaniambia, "Huyu ametoka huko tunakokwenda sisi. Wewe unajua ameonana na nani?"

Kwa kina mama hakuwa na huruma hiyo. Mtu akilia "Mkunga nakufa," anajibiwa, "Kufa kuna foleni, wewe hata jina hujaandikisha." Mama mkwe akisukuma mlango aone kinachoendelea, anaambiwa mtoto hana haraka, mwenye haraka ni yeye, akakae. Lakini akiwepo mmoja aliyenyamaza kwenye kitanda cha kona, Mkunga anaacha chai, anaacha matusi, anaacha kila kitu. "Anayepiga kelele ana pumzi," anasema. "Niiteni kwa aliyenyamaza."

Alikuwa anatunawisha mikono mpaka viwiko. Wanaume waliokuja kuuliza habari za wake zao aliwanawisha kabla hawajajibiwa. Kikombe chake cha chai, hata hivyo, kina utando mweusi kama sufuria ya makande, na msichana wa usafi aliyewahi kukisugua aliambiwa ameharibu ladha ya miaka kumi. Alimtoa mtoto aliyetanguliza makalio bila jasho hata tone. Lakini jogoo! Jogoo akipita, Mkunga anapanda juu ya benchi. Kuna mwanamke hapa kijijini amejifungulia juu ya meza ya ofisi ya kijiji, kati ya mihuri, kwa sababu jogoo alikuwa amesimama mlangoni mwa zahanati na hakuwepo mtu wa kumfukuza. Mtoto huyo sasa yuko darasa la sita, wanamwita Katibu.

Na asali alisema yeye haili. "Matapishi ya wadudu," alisema, mbele ya mrina, kila mwezi. Anaishi peke yake, na kila mwezi ndoo anayoletewa inarudi tupu. Kumi na mbili kwa mwaka.

Sasa huyo mrina. Hapa lazima nieleze utani, maana asiyeujua ataona hawa ni watu wawili wenye chuki.

Sisi Wanyamwezi na Wazaramo ni watani. Babu zetu walibeba mizigo kutoka huku mpaka pwani, miezi na miezi kwa miguu, wakipita kwao. Walinyimana maji, walipigana, walizikana, walioana, mwisho wakaona badala ya kuuana bora watukanane. Mtani anaweza kuingia jikoni kwako akajipakulia. Anaweza kukuzuia usimzike baba yako mpaka utoe kuku. Wewe ukikasirika, mwenye kosa ni wewe. Ni jambo zuri, limetuokoa na mengi. Ubaya wake ni mmoja: mtani akikuambia la kweli, utalijuaje?

Mama yangu ndiye aliyenisimulia habari ya posa. Mrina alikuwa kijana mwembamba ananuka moshi wa mizinga, na Mkunga alikuwa nesi mpya mwenye vidani vya shanga. Wakapendana, kwa matusi lakini wakapendana. Kijana akaandika barua ya posa, akampa mjomba wake, mjomba akapanda treni mpaka pwani.

Wazee wa kule wakafungua barua. Mnyamwezi anataka binti yao. Wakacheka mpaka majirani wakaja kuuliza kuna nini. Kwao huo ulikuwa utani mtamu kuliko wote waliowahi kuletewa, na utani hujibiwa kwa utani. Wakachonga mti wa kubebea mizigo, mzuri, wakaupaka mafuta, wakampa mjomba na ujumbe: "Mwambie kwanza aje amalizie mzigo ambao babu yake aliutua hapa uani kwetu akakimbia. Akiufikisha, mke tunampa."

Angalieni mwisho wa maneno hayo. Mke tunampa. Walikuwa wamekubali! Lakini mjomba huyo, Mungu amrehemu, hakuwa na kicheko mwilini, na miguu ilikuwa imemvimba kwa safari. Alichosikia ni mzigo tu. Akarudi akasema, "Wametukataa, na wametuita wapagazi." Masika hayohayo kijana akatafutiwa mke mwingine, akaoa.

Mkunga naye alikuwa anangoja barua ya pili. Kwao barua ya kwanza hujibiwa kwa mchezo, ya pili ndiyo hukaliwa kitako. Alikwisha nunua doti ya khanga. Habari ya ndoa aliipata pale bibi harusi alipofika kliniki na mimba ya miezi minne.

"Akafanyaje?" nilimuuliza Mama.

"Akampima," Mama akasema. "Alimpima vizuri."

Na ndiye aliyemzalisha, mtoto wa kwanza mpaka wa tano. "Watoto wake wote nimewaona mimi kabla yake," alikuwa akisema kwa sauti kubwa mbele ya mrina, na watu walicheka. Mimi nilicheka mpaka siku nilipozaa, nikaelewa nilikuwa nacheka nini.

Yeye baadaye aliolewa na fundi cherehani wa mjini, mtu wa ukoo wa zamani wa Tabora, mpole kupita kiasi. Hawakujaliwa mtoto. Fundi alipofariki, mrina alifika msibani kama mtani, akafanya kazi ya mtani. Alivaa kanzu ya marehemu, akajitundikia utepe wa kupimia shingoni, akakaa mlangoni anawapima waombolezaji viuno: "Wewe umenenepa, suruali yako simalizi, mimi nimeshakwenda zangu." Mkunga, ambaye siku mbili alikuwa hajatoa chozi, alicheka, na kicheko kikamfungulia kilio.

Miaka minne baadaye akafa mke wa mrina. Sasa zamu ikawa ya Mkunga. Mimi nilikuwepo, nilikuwa kidato cha tatu. Aliingia uani amevaa khanga za marehemu, amezifunga kama marehemu alivyokuwa akizifunga, anachechemea kama yeye. Watu wakaanza kucheka. Akaenda moja kwa moja mpaka kwenye mkeka wa mrina, akasema kwa sauti ya marehemu, "Mume wangu, mbona umeinama hivyo, umepoteza nini?"

Mrina akainua kichwa. "Nilidhani umekwenda," akasema.

"Niende wapi, na mboga ziko jikoni?"

Uwanja mzima ulicheka. Hakuna aliyeshtuka kwamba Mkunga amemwita "mume wangu", maana ni kazi ya mtani hiyo. Lakini Mama alinishika mkono kwa nguvu mpaka kucha zikaingia, na hakuwa anacheka.

Nasema hivi kwa sababu nataka ieleweke: hakuna kilichowazuia. Wote wafiwa. Wote Waislamu, hata dini haikuwa na neno. Watoto wa mrina wanamwita Mkunga Mama. Mimi ni Mmoravian, nimeona ndoa zikifungwa kwa sababu chache kuliko hizo. Kilichowazuia ni midomo yao.

Mwaka jana kiangazi kilipoanza, Mkunga alisimama kwenye lambo letu, pale tunapochota maji na kunyweshea ng'ombe, akasema, "Hii ndiyo bahari yenu? Kwetu haya ni maji ya kunawia miguu." Halafu akasema kwa sauti ndogo, "Nimekumbuka chumvi."

Mrina alisikia. Kesho yake akaja na baiskeli, amefunga magunia mawili ya chumvi ya mifugo. Akaingia majini mpaka magoti, mbele ya wachungaji, mbele ya kina mama wenye ndoo, akamwaga yote mawili. Akapiga kelele kuelekea zahanati: "Bahari hiyo! Sasa usirudi kwenu!"

Mwenyekiti aliitisha mkutano. Ng'ombe walikataa kuondoka lamboni siku mbili, na wa kijiji cha pili wakakata kamba wakaja. Mkunga alisimama mkutanoni akasema mtu huyo ni kichaa na aandikiwe barua ya kupelekwa hospitali. Kila mtu akakubaliana naye.

Asubuhi iliyofuata mimi niliwahi maji. Nikamkuta Mkunga amechuchumaa ukingoni, viatu mkononi. Alichovya kidole, akakiweka ulimini, akafumba macho. Akakaa hivyo. Alipoyafumbua akaniona.

"Napima usalama wa maji," akasema. "Hii ni kazi ya idara ya afya."

Nikamwambia sawa.

Mtadhani alikuwa mtu wa huzuni. Hapana. Siku niliyojifungua pacha ndiyo siku ninayomkumbuka kwa furaha, ingawa wakati ule nilitaka kuwaua wote. Kulwa alikwisha toka, ameamkiwa, amelia. Mimi nikadhani tumemaliza. Mkunga akaniwekea mkono tumboni, akanyamaza, kisha akafungua dirisha. Mrina alikuwa nje, kama kawaida yake, anasubiri kutukanwa.

"Mtani! Kuna mwingine humu! Kimbia shamba ukamlete Masanja aje aone alichokifanya!"

Masanja ni mume wangu. Mrina akapanda baiskeli, akaenda kwenye mashamba ya tumbaku, akaita "Masanja!" na akamchukua Masanja wa kwanza aliyeitika. Hakumuuliza wa nani. Mtu wa watu, wa kitongoji cha pili, akaambiwa mke wako anazaa, akapanda nyuma ya baiskeli. Walipofika, Doto ametoka. Mkunga hakuangalia sura, akamnawisha mpaka viwiko, akamkabidhi mwanangu. Yule bwana akalia kwa furaha. Akamshukuru Mungu, akamshukuru Mkunga, akamshukuru mrina. Kisha akageuka akaniona mimi kitandani.

"Shemeji," akasema, "mke wangu mimi yuko wapi?"

Mke wake alikuwa nyumbani kwake anapepeta mahindi. Hakuwa na mimba hata ya kusingiziwa. Mkunga alicheka mpaka akajishikilia ukuta, mrina akacheka dirishani, wakacheka wakiangaliana, na mimi nikawaangalia wao huku nangoja kushonwa. Nikasema moyoni, hawa watu Mungu aliwaumba siku moja, akawapanga viti tofauti.

Basi. Huyo ndiye niliyemfokea siku ya ndoo.

Baada ya siku hiyo likatokea jambo la kutisha. Wakaanza kuheshimiana.

Mrina alipita mbele ya zahanati Jumatatu. Tukakaa mkao wa kusikiliza. Mkunga akasema, "Habari za asubuhi, bwana." Mrina akasema, "Njema, dada. Habari za kazi?" "Salama tu." Akapita. Mama mmoja aliyekuwa amekaa benchini alijifunika khanga usoni kama amepata habari ya kifo. Watani wakiamkiana kwa adabu ujue mmoja kamwaga damu ya mwenzie.

Ikaendelea hivyo wiki nne. Ndoo haikuja tena. Mrina alikaa kwake anatengeneza mizinga asiyoihitaji. Mkunga aligawa kuku aliopewa kama zawadi ya kuagwa, hilo tulitegemea, lakini akagawa na sufuria. Tiketi ya treni ikanunuliwa. Wanawake wakaanza kuniangalia vibaya lamboni. "Wewe na mdomo wako," wifi yangu akasema. "Umetuondolea Mkunga na asali kwa siku moja."

Zilipobaki siku nne nikaenda kwake. Nilimkuta anafunga godoro kwa kamba ya katani.

"Shikamoo, Mkunga."

"Marahaba. Umekuja kufoka?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Ulisema uongo?"

"Hapana."

"Basi hakuna radhi hapo. Shika kamba hii, vuta."

Nikavuta. Nikamuuliza, nikiwa nimeinamia godoro ili nisimwone usoni, "Kwa nini usimwambie tu?"

"Nilimwambia."

Nikaachia kamba.

"Vuta, unalegeza. Nilimwambia mwaka jana, baada ya ile chumvi yake. Nilipaka wanja. Nikaenda mpaka kwenye mizinga, mimi ninayeogopa kila chenye mabawa. Nikamwambia, mtani, mimi nakupenda, nimechoka kula peke yangu. Unajua alifanyaje?"

"Alifanyaje?"

"Alicheka mpaka akakaa chini! Akasema, kali hiyo, tangu nizaliwe sijasikia kali kama hiyo, umenishinda. Akanipa ndoo ya asali kuwa zawadi ya ushindi."

"Na yeye hajawahi kukuambia?"

"Ananiambia kila mwezi. Baki huku nikuoe. Nami nacheka. Ulitaka nifanyeje? Nisipocheka, halafu ikawa anatania, uso huu nitauweka wapi, kwenye mzani?"

"Lakini siku ile hakucheka."

"Wala mimi." Akakaa juu ya godoro lililofungwa nusu. Sikuwahi kumwona amekaa mchana. "Ndiyo maana hatuongei. Tulikuwa na kimlango chetu cha kutokea, Mama Kulwa, ukaja ukakibomoa, na ndani bado tumesimama wote wawili, hakuna anayeanza."

Nilitaka kulia lakini nilikuwa na hasira zaidi. Nikamwambia hivyo.

"Hasira ni nzuri," akasema. "Nikuambie kitu cha kazi yetu. Mtoto akikwama njiani hajitoi. Mama naye hamtoi, nguvu zimemwishia. Hapo anatakiwa mtu wa tatu, wa pembeni, asiye na aibu, aingize mkono."

Akaniangalia muda mrefu. Kisha akasimama akaendelea kufunga godoro, kama hajasema kitu.

Nilitoka pale nikaenda ofisini kwa Mtendaji wa Kijiji, Kulwa mgongoni, Doto kifuani. Mtendaji ni kijana, ametoka Ziba, amekuja na kompyuta ambayo haijapata umeme.

"Nataka kufungua lalamiko," nikasema.

"Dhidi ya nani?"

Nikamtajia.

"Kosa lao?"

"Wanapendana hawasemi."

"Mama, hilo si kosa."

"Kusimamisha kliniki saa mbili na nusu kwa ajili ya kupima ndoo, hilo ni kosa?"

Akafikiri. "Hilo ni kosa."

"Basi pokea hilo, hayo mengine nitayaingiza mwenyewe. Nataka uwaite hapa waulizwe, na waandike kwa mkono wao. Hapa kijijini mahali ambapo mtu hawezi kutania ni pawili, makaburini na mbele ya muhuri. Makaburini hawa wameshatania vya kutosha."

Mtendaji akautazama muhuri wake kama ndiyo kwanza anauona. Akanipa karatasi. Niliandikia hapohapo, nimesimama, na hii ndiyo nakala yake.

*

Mama Kulwa na Doto,
Kitongoji cha Lamboni.

Kwa Mtendaji wa Kijiji.

YAH: LALAMIKO DHIDI YA MKUNGA WA ZAHANATI NA MRINA ASALI

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mama wa watoto wawili wa miezi kumi, mwenye elimu ya kidato cha nne na akili timamu. Nalalamika kwamba siku ya kliniki mlalamikiwa wa kwanza, yaani Mkunga, akishirikiana na mlalamikiwa wa pili, yaani Mrina, walizuia mzani wa serikali kwa kuutumia kupimia mapenzi yao. Wanangu walichelewa chanjo ya surua. Mimi niling'atwa.

Nalalamika zaidi kwamba walalamikiwa wamekuwa wakitenda kosa hili kwa miaka thelathini na sita, kwa njia mbalimbali, wakijificha nyuma ya utani, na kwamba utani ni mali ya wote na haukuwekwa ili watu wawili waufanye kichaka.

Nalalamika kwamba mlalamikiwa wa kwanza anaondoka kwa treni ya Ijumaa bila kukabidhi kazi hii. Amewatoa watu wote wa kijiji hiki mahali walipokwama, na yeye tunamwacha amekwama. Hilo ni aibu kwa ofisi yako, kwa mwenyekiti, na kwangu.

Kwa hiyo naomba wote wawili waitwe kabla ya Ijumaa. Waulizwe kila mmoja peke yake, mlango ukiwa umefungwa, swali moja tu: Unamtaka huyu, ndiyo au hapana? Wasiruhusiwe kutaja babu, pembe, mzigo, pwani wala njaa. Atakayecheka atolewe nje na arudishwe akimaliza. Majibu yaandikwe na kupigwa muhuri, kisha kila mmoja asomewe la mwenzake.

Endapo mmoja atajibu hapana, nitakubali kwamba nilikosea, nitaomba radhi mbele ya mkutano wa kijiji, na nitambebea Mkunga godoro lake mpaka stesheni kwa kichwa.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Mama Kulwa na Doto.

(Kwa matumizi ya ofisi)

Lalamiko limepokelewa. Walalamikiwa wote wamefika Alhamisi asubuhi, wamenawa mikono. Wameulizwa kwa zamu. Mlalamikiwa wa kwanza: amekiri. Mlalamikiwa wa pili: amekiri. Mlalamikiwa wa pili amesomewa maelezo ya mlalamikiwa wa kwanza, hakucheka, ameomba asomewe tena.